Ufito wa Hobert na Benchi Namba Saba

Katika miaka sita ya ujane wake, Orlena Ratliff hakuacha Jumamosi hata moja ipite bila kusafisha bunduki ya mumewe. Akishaosha vyombo vya mchana hutandika gazeti kuukuu juu ya meza ya jikoni, huitoa bunduki nyuma ya mlango, huhakikisha haina risasi, tena huhakikisha mara ya pili, kisha huchukua ufito wa chuma uliokuwa ukining'inia kwenye msumari. Kitambaa cheupe alikikata kutoka fulana za marehemu. Hukichovya mafuta, hukivisha kwenye ncha ya ufito, akausukuma kutoka mdomo wa mtutu kwenda ndani, akauvuta, akausukuma, hadi kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia.

"Bunduki chafu ni nyumba isiyofagiwa," Hobert alikuwa akisema, na Orlena ni mtu ambaye nyumba yake ilifagiwa.

Alizaliwa juu kabisa, kule mwisho wa bonde la Caney ambako barabara hugeuka kuwa kijito, mtoto wa saba kati ya tisa. Shule aliiacha darasa la sita, mama yake alipougua, na hakuona haya kulisema hilo, maana hesabu yake ya kichwa iliwashinda wengi waliofika mbali. Baadaye alirudi shuleni kwa mlango wa jikoni, akapika huko miaka thelathini na mmoja. Nusu ya watu wazima wa bonde letu wamejengwa kwa maharage yake na mkate wake wa mahindi, hata kama wengine sasa wamenunua magari makubwa na wamesahau.

Hobert alikuwa mtu wa mgodi. Alitoka chini ya mlima akiwa na miaka hamsini, na makaa ya mawe yalitoka naye ndani ya mapafu. Aliposhindwa kupanda milima kuwinda kindi, alihamia uwanja wa shabaha wa klabu, ambako mtu hukaa kitako na kupiga karatasi iliyo hatua hamsini mbele. Akabomoa ubao wa mwaloni kutoka ghala la baba yake, akajengea benchi, akalichoma jina lake na namba saba kwa chuma cha moto. Kikohozi kilipozidi, Orlena alimjazia risasi. Halafu siku moja, katikati ya duru, Hobert alijiondoa kwenye benchi, akashika kifua, akasema, "Piga wewe." Orlena akapiga. Alipata tisa, kumi, tisa. Njia nzima ya kurudi nyumbani Hobert alipiga mluzi kwa pumzi ile ile aliyokosa.

Sasa, klabu ina kanuni yake, ya zamani kuliko klabu yenyewe, watu husema. Kila mwezi wa Oktoba kuna shindano la nyama: risasi kumi, alama mia, na mshindi huondoka na robo ya ng'ombe. Ila kwa wenye mabenchi kuna jambo zaidi ya nyama. Mwenye benchi akishindwa kufikisha alama themanini miaka mitatu mfululizo, benchi lake hupewa aliye mbele kwenye orodha ya wanaongoja, na jina la zamani hupigwa randa. Mwaka juzi Orlena alipata sabini na moja. Mwaka jana sitini na sita.

Mwezi wa Agosti Dorsey Vance, mwenyekiti wa klabu, alipanda ngazi za baraza la Orlena, kofia mkononi.

"Bi Orlena, nimekuja kukukumbusha tu."

"Kaa. Kunywa chai ya barafu. Unanikumbusha nini?"

"Mambo ya Oktoba. Kanuni."

"Dorsey mwanangu, ulipokuwa darasa la tatu nilikuwa nakupa maziwa ya ziada kwa mlango wa nyuma, kwa sababu ulikuwa mwembamba kama mjusi. Leo umekuja kuninyang'anya benchi?"

"Si mimi, Bi Orlena. Ni kanuni."

"Kanuni haina miguu ya kupanda ngazi zangu. Wewe unayo."

Dorsey alikunywa chai yote bila kuinua macho. Alipoondoka, Orlena alikusanya glasi. Hakuogopa kukosa nyama. Friji yake ilikuwa na nyama ya paa mpaka masika. Aliona randa. Aliona mtu ambaye hakumjua Hobert akiipitisha juu ya mwaloni ule, herufi zikitoka kama maganda ya viazi, na nyumbani kwake mlimani hakukuwa na kitu kingine kilichoandikwa jina lile isipokuwa jiwe la kaburi.

"Mama, hiyo cherehani imekufa," mkwewe Garland alimwambia Jumapili baada ya kanisa. Cherehani ndivyo wanavyoziita kwa dhihaka bunduki za aina ya Hobert, zile ambazo ukifyatua risasi moja, ya pili hujipandisha yenyewe, tak-tak-tak, kama mshono. Wao wenye bunduki za kuvuta komeo kwa mkono hujiona mafundi. "Nunua mtutu mpya. Dola mia mbili tu. Na darubini nyingine."

"Dola mia mbili tu! Nimesikia vizuri? Paa la baraza linavuja, wewe unaniambia 'tu'."

"Basi uza hiyo, nikuazime yangu."

"Nikae kwenye benchi la Hobert na bunduki ya Garland. Kula viazi vyako."

Akaanza na kilichokuwa cha bei rahisi. Alinunua vipakiti vitano vya risasi ndogo, kila kimoja cha aina yake, kwa maana bunduki hizi zina tabia kama watoto mezani: huyu hataki karoti, yule hataki vitunguu. Akaomba sahani za karatasi zilizobaki kanisani, akaandika aina ya risasi juu ya kila moja, akapiga tanotano. Aina iliyopendwa zaidi ilitawanya matundu kwa upana wa mdomo wa kikombe cha kahawa. Zamani Hobert aliyafunika kwa sarafu.

Akakaza skrubu za kitako. Akapitisha noti ya dola moja kati ya mtutu na mbao, kuanzia mbele, na noti ikakwama katikati. Mbao zilikuwa zimevimba na kuugusa mtutu upande mmoja. Akapiga msasa siku tatu mpaka noti ikapita bila kusita. Akashona mifuko ya kuegemeza bunduki kutoka miguu ya suruali kuukuu, akaijaza mchanga. Baada ya yote hayo, matundu yalisogeleana kutoka upana wa kikombe hadi urefu wa yai. Ilikuwa nafuu. Lakini yai halifiki themanini.

Hapo ndipo anapoingia Tivis Mullins, wa benchi namba nane.

Tivis alikuwa fundi wa pampu za mgodini, mtu mrefu, mikono myeusi ya grisi isiyotoka, ndani ya gari lake mna takataka hadi madirishani. Yeye na Hobert walikaa hatua mbili mbali na hawakusemezana miaka kumi na mitatu, mpaka Hobert akafa. Chanzo cha ugomvi Orlena hakuambiwa. "Mambo ya wanaume," Hobert alisema, na mwanamke mwenye akili hujua kwamba hayo huwa ni mambo ya watoto. Tangu msiba, Tivis alimsalimia kwa kidevu tu.

Siku ile ya Septemba Orlena alirudi kutoka kwenye shabaha na sahani yake, na Tivis akaongea.

"Hiyo sahani ya saba?"

"Ya tisa. Ulikuwa unahesabu?"

"Nilikuwa nacheka. Kuhesabu ni kazi ya ziada."

Wanaume wawili wa benchi namba tano wakageuza masikio.

"Cheka, Tivis. Meno yenyewe yamebaki machache, yatumie."

"Bado unaisafisha kwa ule ufito?"

"Kila Jumamosi."

"Kutoka mdomoni?"

"Kwani kuna tundu lingine? Ya kwako unachomoa komeo, unapita nyuma. Hii nyuma imezibwa."

"Basi ndiyo hayo." Tivis alisimama, magoti yakalia. "Ukingo wa mdomo wa mtutu ndicho kitu cha mwisho kinachoigusa risasi ikitoka. Ukiwa sawa pande zote, risasi huenda ilikotumwa. Ukiwa umelika upande mmoja, moshi hutokea upande huo kwanza, unaipiga risasi kikumbo mlangoni. Chuma juu ya chuma, Orlena. Jumamosi elfu moja. Nilimwambia Hobert wiki ile ile aliyonunua huo ufito. Akaniambia nirudi kwenye pampu zangu."

Orlena akaelewa. Kumbe ndiyo mambo ya wanaume.

"Nitakurekebishia kwa nusu saa," Tivis akaendelea, na sauti ikapanda ili namba tano wasikie. "Ila sema kwanza. Sema Hobert alikosea. Nimengoja miaka kumi na tisa."

"Aliyekosea kwako yuko kaburini kilimani. Nenda kamdai."

"Mkaidi kama yeye! Wala si kazi kubwa. Mjinga yeyote mwenye skrubu ya shaba ya kichwa cha mviringo, na keekee, na dawa ya kusagia valvu za injini, anaweza."

"Umesema mjinga yeyote?"

"Yeyote."

"Basi ngoja nikamtafute." Akafunga bunduki kwenye mfuko wake, akapita mbele ya namba tano kichwa juu kama anaingia kanisani.

Nyumbani hakuvua hata koti. Alichukua kijiti chenye pamba, kile cha kusafishia masikio, akakizungusha taratibu kwenye ukingo wa mdomo wa mtutu. Juu kilipita laini. Kushoto laini. Chini kulia kilisita, na alipokiinua, nyuzi tatu nyeupe zilibaki zimenasa kwenye chuma, nyembamba kama mvi.

Aliketi.

Upande wa chini kulia ndipo ufito ulipoegemea mkono unapochoka. Aliujua uegemeo ule. Hobert aliusukuma hivyo kwa miaka kumi na mitatu, akiwa hana pumzi; yeye akaupokea, akaendelea sita, kwa kiwiko kile kile, kwa mtindo ule ule aliofundishwa. Kila Jumamosi alidhani anamtunza. Kila Jumamosi alikuwa anamng'ata kidogo. Alikumbuka jinsi alivyojisikia vizuri kitambaa kilipotoka cheupe, na akaona haya mbele ya bunduki, kama kwamba ina macho.

Jumamosi iliyofuata hakutandika gazeti. Mikono yake ilikosa pa kukaa. Alisugua jiko, akasugua sinki, akasugua na sehemu ambazo hakuna mtu angeziona. Mara mbili alifika kwenye msumari. Ufito ulining'inia pale, umenyooka, hauna kosa lolote la kuonekana.

Jumatatu asubuhi, jua likiwa limeshaingia dirishani, aliamua. Skrubu ya shaba aliitoa kwenye mpini wa droo ya vijiko. Droo ile mpaka leo hufunguliwa kwa uma. Keekee ya mkono ilikuwa kwenye banda la Hobert, na dawa ya valvu pia ilikuwemo, kwenye kopo lililoandikwa kwa mwandiko wake, imeganda nusu. Akailainisha kwa tone la mafuta. Kwanza akasukumia pamba ndani ya mtutu kidogo, ili mchanga wa dawa usiingie. Akasimamisha bunduki katikati ya magoti, mdomo juu, akaikaza skrubu kwenye keekee, akapaka dawa ile nyeusi kwenye kichwa chake cha mviringo, akakikalisha juu ya tundu, akaanza kuzungusha. Huku akizungusha, aliyumbisha keekee kidogo pande zote, kama mtu anayekoroga chungu bila kutaka kimwagike. Hiyo hakuambiwa na Tivis. Mikono iliyokoroga vyungu vya shule miaka thelathini na mmoja iliijua yenyewe.

Alifuta, akatazama, akapaka tena. Mara ya nne, pete nyembamba ilimeremeta kwenye mdomo wa mtutu, ya upana mmoja pande zote. Akaitoa pamba ya ndani, na kijiti cha masikio kilizunguka mara tatu na hakikuacha uzi hata mmoja.

"Haya, mjinga amepatikana," alisema peke yake jikoni.

Siku alipojua Tivis amekwenda mjini kwa daktari, alishuka uwanjani. Risasi sita za kwanza zilitangatanga, maana mtutu uliosuguliwa na kupanguswa hutaka kwanza kuzoea masizi yake. Zile kumi zilizofuata alizifunika kwa kizibo cha soda, ikabaki moja tu inachungulia. Akaelewa na jambo la pili, ambalo kwake lilikuwa gumu kuliko la kwanza: mtutu huo ulipiga vizuri ukiwa mchafu kidogo. Akarudi nyumbani nao hivyo. Usiku ule na usiku wa pili alijua kwamba kuna uchafu nyuma ya mlango, akavumilia.

Siku ya shindano baridi ilikuwa imeshuka, majani mekundu yameanguka mpaka juu ya mabenchi. Akina mama walileta supu ya maharage na pai za tufaha, Garland alileta bunduki yake ya kuazimisha, "ikitokea haja." Mwanamume kijana aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaongoja alikuwa amesimama karibu na namba saba, kwa adabu lakini karibu, akipima mwaloni kwa macho.

"Unapenda ubao huo?" Orlena akamwuliza.

"Ni mbao nzuri, mama."

"Nzuri sana. Sogea, unaniziba jua."

Akakaa. Akapanga mifuko ya suruali. Hobert alimfundisha kungoja mapigo ya moyo mawili baada ya kutoa pumzi, na kubana kifyatulio kama mtu anayebana kipele cha mtoto. Tak. Hakuharakisha eti kwa kuwa bunduki inajipakia. Hapo ndipo wengi wenye cherehani huharibu. Kila risasi aliipa pumzi yake. Ya sita upepo uliinuka, akaweka bunduki chini, akangoja majani yatulie. Ya kumi ilipotoka, aliilaza bunduki juu ya mifuko, tupu.

Kanuni ni kwamba kadi yako ya shabaha husomwa na jirani wa benchi linalofuata. Kwa hiyo aliyekwenda kuchukua kadi ya namba saba alikuwa Tivis Mullins. Aliishika karibu na pua. Akahesabu, midomo ikitembea. Akavua miwani, akaifuta kwa shati chafu, jambo lisilosaidia, akahesabu tena.

"Themanini na tisa," alisema.

"Soma tena," Dorsey akasema.

"Nimesoma mara mbili. Wewe hesabu ulijifunzia wapi? Themanini na tisa."

Watu wakapiga makofi. Kijana wa orodha naye alipiga, na Orlena akampenda kidogo kwa hilo. Dorsey alikuja, uso umefunguka kama mtu aliyesamehewa deni.

"Bi Orlena! Umenunua mpya?"

"Ni mtutu mpya," Garland akasema kwa uhakika. "Nilimwambia mimi."

Tivis alikuwa ameinama juu ya bunduki iliyolala tupu, kidirisha chake cha kutolea maganda wazi. Aliona pete. Orlena aliona kwamba ameiona. Mzee yule alinyooka polepole, akamtazama. Angeweza kusema. Watu wote walikuwa pale, hata namba tano, na alikuwa amengoja miaka kumi na tisa. Akageuka, akaanza kukusanya maganda yake ya risasi, moja moja.

Benchi lilikuwa limeshapatikana. Hakuna aliyemdai Orlena neno lolote. Angekwenda zake kula supu, na Hobert angebaki mtu asiyekosea, huko kilimani na hapa chini.

"Si mtutu mpya," akasema. "Dorsey, sikiliza, na nyie wa namba tano, maana najua mnasikiliza. Ni ule ule. Ulikuwa umeliwa mdomoni na ufito wetu wa kusafishia. Tivis alimwambia Hobert jambo hilo miaka kumi na tisa iliyopita. Alisema kweli. Hobert alikosea, na mimi nikalirudia kosa lake kila wiki. Nimemaliza. Supu inapoa."

Wengine walicheka, wengine wakatazama viatu. Tivis aliendelea kuinama, ingawa chini hapakuwa na ganda lililobaki.

"Mwaka wake wa mwisho Hobert alipiga tisini na mbili," alisema hatimaye, bila kugeuka. "Kwa mtutu ule ule ulioliwa. Alikuwa ameshajua unapotupia, akawa analenga pembeni. Mimi nisingeweza. Hakuna mtu hapa angeweza."

"Mbona hukumwambia?"

"Angeniambia nirudi kwenye pampu."

Nyama mwaka ule aliichukua mtu wa benchi namba mbili, na hakuna anayekumbuka alama zake. Watu walipotawanyika, Tivis alifungua gari lake, akachimba katikati ya takataka, akaibuka na kisanduku cha bati. Ndani mlikuwa na kamba nyembamba ya nailoni, ile ya mashine ya kukatia majani, ncha moja imeyeyushwa kuwa kifundo, nyingine imechongwa kama sindano.

"Unaiingiza kwa kidirisha cha kutolea maganda, inatokea mbele. Unavuta kitambaa, kinafuata. Haigusi ukingo. Nilimtengenezea yeye. Akanirudishia."

"Miaka kumi na tisa umeiweka?"

"Sikuiweka. Sijawahi kusafisha gari."

Jumamosi ile Orlena alitandika gazeti. Aliingiza kamba kwa nyuma, ikatokea mbele, akavuta mara moja tu. Kitambaa kilitoka cha kijivu. Alikishika kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akairudisha bunduki nyuma ya mlango, hivyo hivyo ilivyokuwa.